Laki nne, baiskeli ya resi ya kwanza, hapa Tanga: nichukue ipi?

Ticha_wa_Makorora

Wakuu habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Makorora, nafundisha upande wa Pongwe, kilomita kumi na mbili au kumi na tatu hivi kwenda, na kurudi vilevile. Mwaka wa tatu huu nakwenda kwa baiskeli ile ya Kijapani yenye kikapu mbele, niliyoachiwa na dada yangu alipoolewa Korogwe. Haijanikosea. Lakini kuna watu wanapita barabarani Jumamosi alfajiri, wamevaa nguo za kubana, wanakwenda Muheza na kurudi kabla jua halijawa kali. Mwezi uliopita nikasema leo nawafuata. Niliwafuata mpaka Kange, kikapu kinagonga, kikinga mnyororo kinalia, wakaniacha kama daladala iliyojaa inavyokuacha kituoni.

Basi nimeamua. Mwisho wa mwezi zamu yangu ya mchezo (upatu) inafika, napokea laki nne. Si laki nne na nusu, si laki nne na nauli. Laki nne.

Nimeshaona tatu:

Ya kwanza iko Ngamiani kwa wauza mtumba. Ya buluu, fremu nyembamba nzuri sana, vijiti vya gia viko kwenye bomba la chini la fremu. Jina limebanduka zimebaki herufi tatu. Anataka 280,000.

Ya pili ni ya kaka mmoja wa Chuda anayehamia Dar. Nyeusi, imeandikwa Sora kwenye gia, zinabadilishwa palepale kwenye breki. Anataka 450,000 na anasema "maongezi yapo".

Ya tatu ni mpya kabisa dukani, imefungwa nailoni, ina rangi za kuwaka na rimu pana kama za kwenye televisheni. 420,000.

Nichukue ipi? Na nikifika nitazame nini nisionekane mgeni? Maana yule wa Ngamiani aliponiona nimeinama kutazama gia akaniambia "dada, hiyo ya wanaume hiyo". Nikajua hapo hapo bei imeshapanda.

---

Kijiwe_cha_Sahare

Ticha ongezea kidogo ukakope bodaboda. Kuinama namna ile kwa laki nne? Mgongo ni wako lakini.

---

Ticha_wa_Makorora

Kaka, bodaboda inakula mafuta kila siku. Mimi nakula wali maharage na naendesha. Twende kwenye mada.

---

Mzee_wa_Njiti

Marahaba mwanangu. Nimekaa na bisibisi chini ya mwarobaini huu wa Ngamiani tangu 1989. Anayechapa haya ni mjukuu wangu, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo herufi zikikosewa msinitukane mimi.

Umetaja rangi, umetaja jina, umetaja gia, umetaja bei. Tairi hukulitaja. Kila anayekuja kwangu na baiskeli ya resi ya kwanza huwa hakulitazama tairi, halafu ndilo linalomrudisha. Fremu haiishi. Tairi huisha, na siku likiisha ndipo utakapojua kama una baiskeli au una pambo la ukutani.

Ubavuni mwa tairi mna namba mbili. Ile kubwa ni ya biashara: 26, 27, 28, 700. Hiyo usiiamini. Baiskeli nyeusi ya babu yako tairi lake limeandikwa 28. Baiskeli za mtumba za Uholanzi nazo zimeandikwa 28. Chukua tairi la ile nyeusi ulivishe rimu ya Kiholanzi uone, litacheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Sasa tafuta namba ndogo yenye kistari katikati, mara nyingi imeandikwa juu ya mpira mtupu bila rangi, uifute vumbi kwa kidole. Ya nyeusi inaishia 635. Ya Kiholanzi inaishia 622. Hizo ni milimita, kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Namba iliyo kabla ya kistari ni unene wa tairi lenyewe.

Resi za siku hizi, zilizoandikwa 700C, ni 622. Na baiskeli za milimani zinazoitwa 29 ni 622 hiyohiyo. Kwa hiyo 622 hapa mjini si yatima: kuna za Kiholanzi, kuna za milimani, kuna za resi. Hutalala njiani.

Resi za zamani, zenye vijiti vya gia kwenye bomba kama hiyo yako ya buluu, nyingi zimeandikwa 27 kwa 1¼. Hizo ni 630. Tofauti ni milimita nane tu, utasema nitalazimisha. Hulazimishi. Tairi la 622 halivai rimu ya 630 hata ulikanyage kwa miguu miwili ukisoma dua. Utaambiwa tairi za Kijapani za 27 zipo, ni kweli zipo na ni 630, lakini zile ni nene, 1⅜, na fremu ya resi imebanwa, tairi litagusa pale chini ya breki. Baiskeli yenyewe si mbaya! Nimewahi kuzifungia rimu za 700 nikashusha raba za breki milimita nne, ikaenda vizuri. Ila hiyo ni seti nzima ya rimu, na hela ya rimu hujaitaja.

Nami nilishawahi kukomeshwa na tairi, nisijifanye nimezaliwa najua. Lami ya Horohoro ilipokamilika nilitaka kuionja. Nilikuwa nimepata resi moja nzuri mno, nyepesi, unaiinua kwa vidole viwili. Sikulitazama tairi kwa sababu lilikuwa jipya. Nimekwenda nimekwenda, nimepita Mabokweni, naimba, niko karibu na Duga Maforoni, pss. Nikakaa kivulini, nikatoa vijiko vyangu ning'oe tairi. Natafuta ukingo, ukingo haupo. Nalizungusha, haupo. Kumbe tairi lile limeshonwa kama soksi, tyubu iko ndani, na lote limebandikwa rimuni kwa gundi. Kuziba pancha yake lazima ufumue mshono, uzibe, ushone tena, ubandike tena. Fundi mzima nimekaa na viraka mkononi, na solusheni, na sina la kufanya. Watoto wakaja kunitazama. Mmoja akaniuliza, "Babu, wewe si fundi?" Nilirudi mjini juu ya lori la mkonge na baiskeli imelala kifuani kwangu.

Kwa hiyo ukibonyeza ubavu wa tairi usipoona ukingo unaoingia kwenye rimu, iache.

La pili, chumvi. Hili mtu wa Arusha hatakwambia kwa sababu halijui. Hewa yetu ina chumvi. Bomba la kiti mara nyingi ni aluminiamu, fremu ya zamani ni chuma. Ukiziweka pamoja na chumvi katikati zinatafunana. Aluminiamu inatoa unga mweupe kama chokaa ya kutafunia tambuu, unga unavimba, bomba la kiti linakuwa mwili mmoja na fremu. Nililetewa moja na mtu wa Raskazone, nyumba yake ukitema mate yanafika baharini. Kiti kiko chini, yeye mrefu. Tulimimina mafuta ya taa siku tatu. Tukageuza fremu, tukabana kiti kwenye jiliwa, tukaizungusha fremu yenyewe kama usukani wa meli. Wapi! Mwisho nilikata bomba kwa juu, nikaingiza jino la msumeno wa chuma kwa ndani, nikalipasua bomba kwa urefu taratibu, milimita kwa milimita, nisiguse fremu. Siku mbili. Vidole vilivimba. Na hela niliyomtoza ilizidi aliyonunulia.

Kwa hiyo nenda na spana ya pembe sita namba 5, na 6 kwa tahadhari, na spana ya kawaida ya 13. Omba ruhusa. Legeza bolti, shika kiti, zungusha kulia na kushoto. Kikizunguka, hata kwa kulia kama mlango mkavu, alhamdulillahi. Kikigoma, muuzaji atakwambia "kimekazwa tu". Mwambie basi akilegeze yeye, wewe unasubiri, hauna haraka.

La tatu mnyororo, na hapa wewe mwalimu utawashinda wote. Chukua rula ya chuma yenye inchi. Si tepu ya fundi cherehani, ile inavutika na inadanganya. Weka sifuri katikati ya pini moja ya mnyororo, hesabu mpaka inchi 12. Mnyororo usiochakaa, pini inaangukia 12 barabara. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechoka, badilisha huo tu. Ikizidi kwa moja ya nane, umeshakula na meno ya gia za nyuma, na ukiweka mnyororo mpya utaruka ruka. Hapo unadai mnyororo na gia zote za nyuma zitoke kwenye bei.

Mengine ni ya haraka. Kaza breki ya mbele uitikise baiskeli mbele na nyuma: ikigonga kichwani, pale usukani unapoingia kwenye fremu, gololi zina shida. Shika krenki, ile mikono ya pedali, utikise pembeni: ikicheza, gololi tena. Pitisha ukucha kwenye rimu pale raba ya breki inapopita, ukikuta bonde kama sahani, rimu imeisha. Tazama chini ya bomba karibu na kichwa cha fremu: rangi ikiwa na mikunjo kama ngozi ya kiwiko, ilishagonga ukuta hiyo. Na pindua utazame namba ya fremu chini ya krenki. Ikiwa imesuguliwa, mrudishie mwenyewe, salimia, ondoka.

Hiyo mpya ya dukani nitakuuliza kitu kimoja: umeiinua?

(Mjukuu hapa. Babu anakataa nisiandike habari za Shimano, watengenezaji wa gia, anasema ni porojo za vijana, lakini ameenda kuswali kwa hiyo naandika. Kwa gia za resi, kutoka chini kwenda juu: Claris gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, halafu 105 ambazo za miaka ya karibuni ni 11 na sasa 12. Kwa hiyo Sora si ya kudharau. Ila mnyororo wa 9 si wa 8 wala wa 7. Ule wa 7 unapatikana kila kona hapa, wa 9 inabidi uulizie. Hizo za vijiti kwenye bomba hazina mambo mengi: nyingi hazina hata hatua, unasukuma mpaka kelele iishe. Haziharibiki, ila ukitaka kubadilisha gia unaachia usukani mkono mmoja, na kuna malori ya saruji njia ya Pongwe.)

---

Saruji_na_Lami

Mimi nitakuwa mchawi wa mada hii. Ticha, wewe unahitaji baiskeli ya resi au unahitaji kufika Pongwe? Hiyo ya Kijapani kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu umenyooka? Nina hakika haujanyooka, maana hapa Tanga wote tunaendesha magoti yakigonga kidevu. Pandisha kiti, jaza upepo mpaka tairi liwe gumu, tia mafuta mnyororo, vua kikapu. Tumia wiki moja. Ikishindikana ndiyo utoe laki nne. Mimi ningezitia kwenye tofali.

---

Bi_Pedali

Saruji hakukosea kuhusu kiti, ila mwacheni mwanamke anunue anachotaka kwa hela yake ya mchezo.

Ticha mwenzangu, mimi ni mfupi kama wewe (nakisia), nimeanza na resi ya kiume ya fremu 58 kwa sababu ilikuwa rahisi. Miezi minne shingo ikaniuma mpaka nikawa nageuka mwili mzima kuitikia salamu. Fremu ikiwa kubwa hakuna fundi wa kuipunguza. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani fanya hivi: simama umeegemea ukuta bila viatu, miguu mbalimbali kidogo, chukua kitabu chenye jalada gumu, kibane katikati ya miguu kwa nguvu kama vile umekaa kwenye kiti cha baiskeli, mtu akupimie kutoka mgongo wa kitabu mpaka sakafuni. Hiyo sentimita zidisha kwa 0.67. Jibu ndilo saizi ya fremu, kwenye bomba la kusimama, kutoka katikati ya krenki mpaka juu pale bomba linapoishia. Hiyohiyo sentimita zidisha kwa 0.883 upate urefu wa kiti kutoka katikati ya krenki mpaka juu ya kiti. Si msahafu, lakini inakutoa gizani.

Pili, dera. Mimi navaa suruali nyepesi na kanzu fupi, hijabu naibana chini ya kofia ngumu. Dera na meno ya krenki havipatani, nimeshaacha kipande cha dera pale Mkwakwani mbele ya watu.

Tatu, omba tairi la unene wa 28 kama fremu inapitisha, au 25. Achana na 23. Kila mtu atakwambia nyembamba ndiyo inakimbia. Kwa barabara zetu nyembamba inakimbia mpaka shimo la kwanza.

Na upepo! Hakuna anayeusema. Kipindi cha kusi ukielekea Horohoro unajiona bingwa, unasukumwa. Kurudi ndiyo utajua ulikuwa unasukumwa.

---

Ticha_wa_Makorora

Nimesoma yote mara mbili. Shikamoo tena fundi, na mjukuu hujambo.

Kaka Saruji, nimepandisha kiti. Kilikuwa chini kwa vidole vinne! Sikuamini. Siku ya kwanza niliogopa kuanguka, ya tatu nikawa nafika shule nimebakiwa na dakika saba za kunywa chai. Nakushukuru kwa dhati, lakini laki nne yako ya tofali usiingoje.

Bi Pedali, nimepimwa na watoto wa jirani, wakacheka mpaka wakaangusha kitabu. Sentimita 76. Mara 0.67 ni karibu 51. Kiti sentimita 67.

Dukani nimekwenda kuiinua ile mpya kama fundi alivyosema. Niliomba mizani ya unga ya duka la jirani: kilo 14 na nusu. Yangu ya Kijapani na kikapu chake haiizidi kwa mengi. Na zile rimu pana za televisheni ni bati lililopakwa rangi. Kijana wa duka alikuwa muungwana, akaniambia mwenyewe kwa sauti ya chini, "Dada, hizi wananunuliwa watoto waliofaulu."

Kesho Ngamiani, keshokutwa Chuda. Rula ya chuma nimeazima kwa mpwa wangu anayesoma ufundi.

---

Mzee_wa_Njiti

Chukua na sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Ikinata kwenye fremu ni chuma, isiponata, mara nyingi ni aluminiamu. Usimwulize muuzaji.

---

Ticha_wa_Makorora

Nimerudi wakuu. Simulizi fupi, nikishindwa kufupisha mnivumilie.

Ya buluu. Nimefuta vumbi kwa kidole, 32-630. Fundi, nilitaka kupiga vigelegele palepale. Sumaku imenata. Fremu 52. Nikasema labda nipambane na rimu, maana wallahi ni nzuri, ukiiona pale bomba linapoungana wamechonga kama ncha ya jani. Nikaomba kulegeza kiti. Muuzaji akasema "wewe mfupi, cha nini kukiinua?" Nikamwambia nataka kukishusha. Nikalegeza, nikazungusha. Nikazungusha tena. Akaja na yeye, akaja na mwenzake, wakazungusha baiskeli nzima pamoja na mimi. Pale kiti kinapoingia kuna mstari mweupe, nikaukwangua kwa ukucha, unga. Nikamwambia ahsante. Akashuka mpaka 200,000, akanifuata mpaka barabarani 180,000. Niliondoka moyo unauma kidogo, sitaficha.

Ya Chuda. Mwenyewe ni kaka mpole, amekaa nje na mwanawe. Sumaku haikunata. Tairi 25-622. Kiti kimelia kama mlango wa choo cha shule lakini kimezunguka, nikapima, kinafika 67 na nafasi inabaki. Fremu imeandikwa 52, nikasimama juu yake miguu chini, nafasi ipo. Nikatikisa kichwa cha baiskeli, kimya. Krenki kimya. Ukucha kwenye rimu, tambarare. Namba ya fremu ipo, na karatasi aliyonunulia yeye anayo, namba zinalingana.

Halafu nikatoa rula. Alikuwa anaongea na simu, akanyamaza. Nikaweka sifuri katikati ya pini, nikahesabu. Pini ya mwisho haikuwa kwenye 12. Ilikuwa imepita, na imepita si kidogo, karibu kabisa na moja ya nane. Nikarudia mahali pengine, vilevile. Nikamwita aone mwenyewe. Akainama, akatazama, akasema, "Dada, mwaka wa nne naendesha hii baiskeli, sijawahi kuona mtu anapima mnyororo kama mbao." Nikamweleza kama ninavyowaeleza darasa la tano: pini zinalika, mnyororo unarefuka, meno yanafuata. Mwanawe akaomba ahesabu na yeye.

Tulianza 450,000, tukamaliza 345,000. Tumeandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, namba ya fremu imo. Fundi amenitafutia mnyororo wa 9 na gia za nyuma zilizotumika kidogo, 40,000 na kufunga. Jumla 385,000. Zilizobaki elfu kumi na tano ni viraka, solusheni na tyubu moja ya akiba.

Jumatatu nimekwenda nayo shule. Dakika 34. Zamani ilikuwa 52, na kwa kiti kilichopandishwa 45. Breki hizi mikono yangu ni midogo, nikishika pale chini kwenye pembe za usukani vidole vinafika kwa taabu, kwa hiyo nashika juu. Kiti chake chembamba kimenifanya nifundishe vipindi viwili nimesimama. Na mtoto mmoja wa darasa la tatu akapiga kelele getini, "Mwalimu kainama anatafuta shilingi!"

---

Bi_Pedali

Breki: kuna kiparafujo kidogo ndani ya mkono wa breki, kwenye baadhi ya aina za Sora kinausogeza karibu na vidole. Mwonyeshe mzee. Kiti usikibadilishe kabla ya wiki tatu, mwili utazoea. Ukishindwa kuzoea, nina cha kike kimekaa uvunguni.

---

Saruji_na_Lami

Dakika 45 kwa bure na 34 kwa laki nne. Nimenyamaza. Hongera ticha.

---

Ticha_wa_Makorora

Kaka nawe!

Ila nimepata tatizo jana, nacheka na kuogopa. Tairi la nyuma lilikuwa limelegea, nikapita gereji ya pikipiki kutia upepo. Mdomo wa tyubu si kama wa Kijapani wala wa pikipiki, ni mwembamba, una nati ndogo kichwani. Kijana akalazimisha mpira wa upepo, kile kichwa kikapinda kama msumari wa mbao ngumu. Upepo ukatoka wote. Nimeweka tyubu ya akiba, nimeitia kwa kipampu cha mkono cha kuazima, nimepampu mpaka mkono umekufa, na bado nikibonyeza kidole kinaingia. Jumamosi alfajiri ndiyo hiyo, wale wa Muheza nimeshawaahidi. Nani Makorora, Mikanjuni au Ngamiani ana pampu ya kusimama yenye mdomo huu?

---

Mzee_wa_Njiti

Njoo kabla ya magharibi. Kabla ya kutia upepo unailegeza ile nati kwanza, unaibonyeza kidogo ipumue, ndipo unaweka pampu. Ukimaliza unaikaza. Kuna na kikofia cha shaba, kinafungwa juu yake na mdomo unakuwa kama wa pikipiki. Ninavyo viwili, kimoja chako. Kwa 25 na uzito wako tia PSI 80 nyuma, mbele punguza.

(Mjukuu: pampu iko nyuma ya mwarobaini, babu akiwa msikitini niulize mimi. Na njoo na ile rula, anataka kuwaonyesha watu.)